Mkono wa Mpishi



Hapa Wete mtu akikisifu chakula husema, "Fulani ana mkono." Nazi ni ile ile, samaki ni wa bandari ile ile, lakini mchuzi wa huyu si mchuzi wa yule. Mkono huo hupatikanaje?

Kijana mmoja wa parokia yetu alianza kuutafuta akiwa mdogo, katika jiko la jirani yao, Bi mmoja Mwislamu anayepika vyakula vya harusi. Mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kugusa mwiko. Alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akakamua tui kwa kifumbu, akachochea kuni. Baadaye ndipo akafundishwa mchuzi: tui jepesi hutangulia, tui zito huja mwishoni, na mpishi asiondoke, akoroge taratibu, maana moto ukizidi tui hukatika. "Mwanangu," Bi alimwambia, "tui halimtaki mwenye haraka."

Alipomaliza shule alivuka kwenda Unguja kusomea upishi, kisha akaajiriwa hotelini. Huko alijifunza vipimo, usafi na kupanga sahani, lakini kwa miezi mingi alimenya viazi tu. Siku moja baba yake akampigia simu: mwanamume gani hushinda jikoni? Akarudi Wete na begi lake, akanijia baada ya Misa. "Baba Padri, naacha. Hotelini mimi si kitu, na nyumbani ni aibu."

Nilimsimulia habari za Ndugu Laurenti wa Ufufuko, Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691. Alikuwa askari, akajeruhiwa mguu, akaingia utawa, akapangiwa jikoni, kazi ambayo kwa tabia yake hakuipenda. Alidumu humo miaka ipatayo 15, na hata yai kikaangoni aligeuza kwa kumpenda Mungu. Kisha tukafungua Injili ya Yohana, sura ya 21. Bwana Mfufuka yuko ufukoni, ana moto wa makaa, samaki na mkate, anawaita wavuvi waliokesha bure waje kula. Petro, aliyemkana penye moto wa makaa, anarudishwa penye moto wa makaa. Kama Bwana hakuona aibu kuwapikia rafiki zake, sisi tunaona aibu ya nini?

Sikufanikiwa kumshawishi siku ile. Aliyefanikiwa ni Bi. Alimwita, akampa mwiko, akakaa pembeni. Kijana alimchoma samaki kwanza juu ya makaa, kisha akamtia katika tui lenye embe mbichi na ndimu, viungo vichache, kila kimoja kwa kipimo. Bi akaonja, akanyamaza kidogo. "Huu si mchuzi wangu," akasema. "Huu ni wako." Baba yake naye alikula, akaongeza sahani, asiseme neno. Juma lililofuata kijana alirudi kazini.

Ndugu zangu, mkono wetu wenyewe Mungu hutupa polepole, baada ya kutii mikono ya wengine. Anayeruka hatua ya kukuna nazi hubaki akiiga maisha yake yote. Naye anayeona aibu ya kazi yake hulikata tui kabla halijaiva.

Leo ukirudi kutoka kanisani, mshukuru aliyekupikia. Kisha jiulize: ni wapi Mungu amekuweka umenye viazi, nawe umeshafunga begi?

Dominika njema.