Tazama Kabla ya Kumeza

Ndugu msomaji, mama akitaka kupika ugali hatii unga ndani ya maji bila kuutazama. Anauchekecha, anaunusa, anatoa wadudu. Lakini mtoto akishikwa na homa usiku, wengi wetu tunakimbia mpaka duka la dawa, tunatoa franka, tunapokea vidonge katika kipande cha karatasi, na mtoto anameza papo hapo. Unga umetazamwa, dawa haikutazamwa. Haifai kuwa hivyo. Unga mbaya utaumiza tumbo, bali dawa mbaya inaweza kuua.

Hapa Lubumbashi maduka ya dawa yako kila mahali: Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi, Kampemba. Mengine ni mema sana. Mengine yana msalaba wa kijani ukutani tu, na ndani hakuna mtu aliyesomea dawa. Utayatenganisha namna gani? Soma, kisha uwafundishe watu wa nyumba yako.

NANI ANALINDA DAWA?

Sheria ya afya ya nchi yetu iliwekwa mwezi wa Desemba 2018. Mwaka wa 2020 serikali iliunda mamlaka ya dawa, inayoitwa ACOREP. Hapa jimboni wako pia wakaguzi wa afya. Duka la dawa halifunguliwi kama duka la sabuni. Lazima liwe na ruhusa ya serikali, na mtu aliyesomea dawa mwenye kujibu kwa kazi yake.

Mkaguzi akiingia anatafuta mambo haya:

1. Ruhusa. Je, iko? Na mwenye kujibu ni nani?

2. Dawa zimetoka wapi? Mwuzaji aonyeshe karatasi za kununulia. Dawa isiyo na karatasi haijulikani baba wala mama yake.

3. Zimewekwa namna gani? Dawa nyingi zinataka mahali pakavu, pasipo na jua, joto lisipite digri 30. Insulini inataka frigo, kati ya digri 2 na 8. Umeme ukikatika, frigo inakuwa kabati tu. Kwa hiyo duka jema lina kipimo cha joto na daftari la kuandika kila siku.

4. Tarehe. Dawa zilizopita wakati wake zinaondolewa na kutengwa, wala hazichanganywi na nzuri.

5. Dawa za nguvu, kama zile za kulaza usingizi. Zimefungiwa kwa ufunguo? Zinatolewa kwa karatasi ya munganga tu?

Pengine utasema, "Karatasi za kununulia zinanihusu nini mimi mgonjwa?" Sikiliza habari hii.

YALIYOTOKEA ITURI

Mwisho wa mwaka 2014, kule Ituri, kaskazini-mashariki ya nchi yetu, watu walianza kuletwa hospitali uso umepindika, shingo imekazwa, ulimi umetoka nje. Kwanza waganga walidhani ni ugonjwa wa meninjite, yaani uvimbe wa utando wa ubongo. Wagonjwa wakaongezeka hata kupita 900. Ndipo vidonge walivyokuwa wamemeza vikapelekwa kupimwa. Kwenye chupa paliandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza. Ndani mlikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, ambayo ikizidi inakaza misuli ya uso na shingo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliwaonya watu wa nchi zote.

Angalia vema, msomaji. Vidonge vile havikuoza, wala havikunuka. Macho yako yasingeweza kuvitambua. Hapo ndipo karatasi za kununulia zinaponya, maana zinaonyesha dawa imepita mikono ya nani. Na msidhani ni jambo la Ituri tu. Mwaka 2017 Shirika hilo lilihesabu kwamba katika nchi zenye mapato madogo na ya kati, dawa moja katika kila kumi ni ya uongo au haina ubora unaotakiwa.

WEWE PIA UWE MKAGUZI

Mkaguzi wa serikali anakuja siku moja na kwenda zake. Wewe unapita pale kila juma. Basi, kabla ya kutoa franka:

Tazama mahali. Dawa zinazouzwa juu ya sinia sokoni, katika jua kali la mwezi wa kumi, zimepikwa tayari. Usizinunue, hata kama bei ni ndogo.

Tazama pakiti. Jina la dawa liwepo, na namba ya LOT, na tarehe baada ya herufi EXP. Ukisoma EXP 08/2027, maana yake dawa ni nzuri mpaka mwisho wa mwezi wa nane mwaka ule. Kama hujui kusoma, mchukue mtoto wako wa shule.

Tazama dawa yenyewe. Kapsili zilizoshikamana, vidonge vilivyobadilika rangi au kuvunjika unga, aspirini inayonuka sana siki, usimeze.

Uliza bei. Kama dawa inauzwa nusu ya bei ya maduka yote mengine, jiulize sababu.

KAZI YA DUKA JEMA

Kazi ya duka la dawa si kuuza tu. Mwuzaji mwema anakuuliza kwanza: Dawa ni ya nani? Ana miaka mingapi, kilo ngapi? Je, mama ana mimba? Anameza dawa gani nyingine? Maswali haya si udadisi, ni ulinzi wako.

Kisha anakufundisha namna ya kumeza. Kwa mfano, dawa ya malaria iitwayo arteméther-luméfantrine inamezwa mara sita kwa siku tatu, pamoja na chakula. Homa ikishuka siku ya kwanza, usiache. Ukiacha, malaria itarudi na nguvu.

Na mara nyingine mwuzaji mwema anakataa kuuza. Ukitaka kapsili mbili tu za antibiotiki, atakataa, maana kapsili mbili haziponyi. Zinawafundisha vijidudu kushindana na dawa. Ukitaka dekzametazoni ili unenepe, atakataa, maana unene ule ni ugonjwa. Mtoto mwenye degedege, au asiyeweza kunyonya, au anayehema mbiombio, atakuambia: "Mama, usikae hapa, kimbia hospitali." Usimkasirikie. Amekupenda kuliko franka zako.

Tunajua mfuko wa wengi ni mwepesi. Basi, kama karatasi ina dawa nne na una franka za mbili, usikate kila dawa nusu. Rudi kwa munganga au mwuguzi umwulize, "Ipi ni ya lazima? Kuna nyingine ya bei ndogo yenye kazi ileile?" Hilo si neno la aibu.

UKIONA MABAYA

Usigombane na mwuzaji, wala usitupe dawa. Ihifadhi pamoja na pakiti yake, uilete kwa mwuguzi au kwa ofisi ya afya ya jimbo. Mgonjwa akipatwa na jambo geni baada ya kumeza, mleteni pamoja na dawa ileile. Pakiti moja iliyohifadhiwa inaweza kuokoa kata nzima.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Herufi EXP zina maana gani?
2. Kwa nini mkaguzi anataka karatasi za kununulia?
3. Mwuzaji mwema anauliza maswali gani?
4. Katika nyumba yako leo, kuna dawa iliyopita tarehe yake? Enda uitazame sasa, kabla ya kufunga kitabu hiki.