Upasuaji Salama ni Kazi ya Timu Nzima

Wagonjwa wengi huamini kuwa matokeo ya upasuaji hutegemea mkono wa daktari bingwa peke yake. Kwa hakika, muuguzi wa wodi ndiye anayeweza kujua kuwa mgonjwa ana mzio wa penisilini. Mtaalamu wa usingizi ndiye anayefuatilia pumzi na mapigo ya moyo. Mtaalamu wa maabara ndiye anayeandaa damu ya kuongezewa. Taarifa iliyobaki kwa mmoja wao bila kuwafikia wenzake yaweza kugharimu maisha.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Orodha hiyo ina vipengele 19, nayo huitaka timu isimame mara tatu. Kwanza, kabla ya dawa ya usingizi: mgonjwa huthibitisha jina lake, upasuaji anaofanyiwa na sehemu ya mwili inayohusika, na timu huhakikisha iwapo ana mzio wowote. Pili, kabla ya kupasua ngozi: kila aliyemo chumbani hujitambulisha kwa jina na jukumu lake, na huthibitishwa kuwa antibaiotiki ya kinga, inapohitajika, imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Tatu, kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani: muuguzi hutamka kwa sauti kuwa vifaa, sindano na vitambaa vya kufyonza damu vimehesabiwa na hesabu imetimia.

Utaratibu huu ulijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kuwa vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo yatokanayo na upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Karatasi yenyewe haiponyi. Faida yake ni kumpa muuguzi kijana haki ya kusema, "Tusimame kwanza," mbele ya bingwa aliyemzidi umri na cheo. Sisi mabingwa hatuna budi kulipokea onyo hilo bila kuona tumevunjiwa heshima. Orodha inayojazwa baadaye ili kukamilisha faili tu haimlindi mtu yeyote.

Nawe mgonjwa u mmoja wa timu hiyo. Ukiulizwa jina lako kwa mara ya tatu, usidhani wahudumu wamesahau. Jibu kikamilifu, kisha taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba, na ile iliyowahi kukudhuru.