SHITINGI: NGUMU NDANI, LAINI NJE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, kuna kitu ambacho karibu kila jamaa ya Bukavu imekwisha kukigusa: shitingi. Tuliizoea hasa mwaka wa 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipovuka Ruzizi na kambi zikajaa vibanda vya plastiki. Leo utaiona sokoni Kadutu, juu ya jiko la uani, na hata kwenye mdomo wa mashimo ya Kamituga. Wengi tunaitumia bila kujua imetengenezwa namna gani, na kutojua huko kunaunguza watu.

Chukua kipande cha shitingi nzuri, ile ya kambini ya meta 4 kwa 5, utazame pale ilipochanika. Utaona nyuzi zimefumwa kama mkeka, mara nyingi nyeusi. Juu na chini yake kuna ngozi nyembamba iliyo laini. Nyuzi na ngozi ni plastiki ya ukoo mmoja, jina lake polietilini, lakini tabia zao si moja.

Plastiki imefanyizwa na minyororo mirefu, myembamba hata jicho haliioni. Ndani ya nyuzi minyororo hiyo imenyooka, imelala pamoja kama fungu la matete yaliyosafishwa. Hakuna nafasi katikati, kwa hiyo plastiki inakuwa ngumu. Katika ngozi, minyororo ina matawi. Jaribu kupanga kuni zisizokatwa matawi: rundo linabaki na nafasi, ukilikanyaga linabonyea. Ndiyo sababu ngozi ni laini. Nyuzi peke yake zingekuwa chujio, mvua ingepita. Ngozi peke yake ingevutwa na upepo mpaka itatuke. Zikiwa pamoja, moja inabeba mzigo, nyingine inazuia maji. Tena zinashikana vizuri kwa sababu ya ukoo wao. Plastiki za koo mbalimbali, ukiziyeyusha pamoja, mara nyingi zinaachana kama mafuta na maji.

Hata sashe ni hivyo. Ile inayolia kraa-kraa mkononi ina plastiki ngumu nyingi. Ile isiyolia, inayovutika, ina zaidi ile ya matawi. (Sashe zilikatazwa katika nchi yetu kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, lakini kila mtu anajua anazikuta wapi.)

Adui wa kwanza wa shitingi ni jua. Bukavu iko juu, karibu meta 1,500, na miale ya jua huku ni mikali. Miale hiyo inakata minyororo kidogo kidogo. Kiwandani wanatia dawa ya kukinga, na weusi wa nyuzi unasaidia, lakini dawa inachoka. Ukipitisha kidole ukapata vumbi jeupe, au ukikunja na ngozi ikapasuka, maji yataingia hata kama nyuzi bado ni nzima. Usiitoboe kwa msumari: msumari unakata nyuzi, na upepo unapanua tundu. Weka jiwe dogo la mviringo chini ya shitingi, ulikunjie ndani, kisha funga kamba kwenye shingo yake.

Shimoni, usiitegemee kupita kiasi. Shitingi inafukuza mvua, haishikilii udongo. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mashimo yaliporomoka baada ya mvua kubwa na makumi ya watu wakafa.

Lakini hatari iliyo karibu zaidi na watoto wako ni mbabula. Hapa Bukavu maji ya ugali yanachemka kwa digri 95 hivi. Ngozi ya shitingi inayeyuka kwa digri 110 hivi, nyuzi kwa 130. Angalia tofauti ilivyo ndogo! Mbabula ikiwa chini, ngozi inalegea, kisha inadondoka matone ya moto yanayonata mwilini. Tena kile kinachozuia maji kinazuia hewa pia. Makala yakiwaka ndani ya kibanda kilichofungwa, yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na waliolala hawaamki. Hata usiku wa baridi, mbabula ibaki nje. Wala usiiwashe kwa vipande vya shitingi ya zamani: moshi wake unaharibu mapafu ya mpishi na ya mtoto aliye mgongoni.

Mtu akidondokewa na plastiki ya moto, mmwagie mara moja maji safi ya baridi kwa dakika 20. Plastiki iliyoshika ngozi usiivute, maana itatoka na nyama. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke dispansere siku ileile, hata kama anasema maumivu yamepungua.