Je, Wajua? Maajabu ya Vitufe vya Ziada

Je, wajua kwamba kwenye AZERTY, kibodi iliyozoeleka Lubumbashi, tarakimu 1 ya safu ya juu haitoki mpaka ushikilie Shift au uwashe herufi kubwa? Muulize anayechapa ankara kwenye kibanda cha fotokopi karibu na kampasi ya Kasapa! Dawa yake ni kijibodi cha namba cha kuchomeka kwa USB: tarakimu moja, mbonyezo mmoja.

Sasa sogea karibu. Mzambia anavuka mpaka wa Kasumbalesa, anaketi kwenye kompyuta yako, anakosea kidogo, na kidole chake kinakimbilia Ctrl+Z kufuta kosa. Lo! Pale alipozoea Z, AZERTY ina W, na Ctrl+W hufunga ukurasa wa kivinjari. Usicheke: wewe ukienda kwake, Z yako nayo iko juu ya W yake. Pande zote mbili za mpaka, ukurasa unapotea vile vile!

Na hili je? Kibodi ya USB haitumi herufi hata moja, inatuma namba tu. Kitufe chenye Q kwenye AZERTY yako hutuma 4, chenye A hutuma 20, halafu kompyuta ndiyo inayoamua iandike nini. Kwa hiyo kijibodi cha ziada kilichopangwa kutuma Z ya Kiingereza kitakuandikia W. Kipange kitume W, upate Z. Usinitazame hivyo, ndugu yangu, jaribu!

Unaziona F1 hadi F12? Windows inazifahamu mpaka F24! IBM iliwahi kutengeneza kibodi zenye vitufe 122, na F zote 24 zilikuwamo. Siku hizi hizo 12 za mwisho karibu hakuna anayezigusa, basi zipe kijibodi chako cha ziada na uziagize lolote: kufungua barua, kunyamazisha maikrofoni, kupiga chapa.

Élisabethville, jina la Lubumbashi hadi 1966, linaanza na É, herufi isiyo na kitufe chake kwenye AZERTY. Kwenye Windows, shikilia Alt, andika 144 kwenye vitufe vya namba vya pembeni, achia. Hiyo hapo!

Kipanya kimekufa? Alt ya kushoto, Shift ya kushoto, Num Lock, kisha kubali. Kwenye vitufe hivyo hivyo vya namba, 8 inapandisha mshale, 2 inaushusha, 5 inabofya.

Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, mvumbuzi Douglas Engelbart alionyesha kipanya mkono wa kulia na kijibodi cha vitufe 5 mkono wa kushoto. Vitano tu! Lakini ukivibonyeza kwa mafungu unapata michanganyiko 31.

Waluba wa Katanga nao walikuwa na chao, bila umeme: lukasa ya chama cha Mbudye, ubao wa kushika mkononi uliojaa shanga na kauri. Mkono wa kushoto unashika, kidole cha shahada cha kulia kinagusa, na habari za wafalme, koo na safari zinafunguka. Mimi nasema hakuna kijibodi kilichowahi kubeba mengi kiasi hicho.

Na manowari je? USS Colorado ya Marekani, iliyoingia kazini 2018, huzungusha darubini yake kwa pedi ya gemu ya Xbox. Kishikio cha awali kiligharimu takriban dola 38,000. Pedi iligharimu chini ya dola 30. Ikivunjika, mabaharia wanaweza kununua nyingine duka lolote la gemu!