Je, Wajua? Viazi Alivyolishwa Mfungwa

Hachis Parmentier, mlo wa Kifaransa wa nyama ya kusaga iliyofunikwa kwa viazi vilivyopondwa na kuokwa, umepewa jina la mfamasia Antoine-Augustin Parmentier (1737–1813). Alipokuwa mateka Prussia katika Vita vya Miaka Saba alilishwa viazi, chakula ambacho Wafaransa wengi walikiona cha mifugo. Aliporudi kwao akavipigania kwa moyo wote. Mwaka 1772 Kitivo cha Tiba cha Paris kikatamka kuwa vinalika.

Ukitaka kuupika mlo huu, hata nyama iliyobaki jana inatosha. Ikaange na vitunguu, karoti na nyanya mpaka mchuzi ukauke, maana ukibaki huvilowesha viazi. Huna oveni? Palia makaa juu ya kifuniko cha sufuria, chini uache moto mdogo.