Nywele kavu: Maji kwanza, mafuta baadaye

 

 Katika safu yetu ya leo tutazungumzia jambo linalowasumbua wengi, hasa dada zetu, ingawa wanaume nao hawakusalimika. Jambo lenyewe ni ukavu wa nywele na ngozi ya kichwa. Nywele zinakuwa ngumu, zinakatika kila zikichanwa, na kichwa kinawasha na kutoa unga mweupe. Mtu akipatwa na hali hii, mara nyingi hukimbilia kopo la mafuta ya mgando. Wiki ikiisha anapaka tena juu ya yale ya zamani. Kichwa hakioshwi, kwa hofu kuwa maji yatazidisha ukavu au yatauharibu msuko alioulipia pesa nyingi. Hapo ndipo tatizo linapoota mizizi.

Katika hadithi aliyoipokea Abu Daud kutoka kwa Abu Hurayra (RA), Mtume (SAW) ametuelekeza kuwa mwenye nywele azitunze na kuziheshimu. Kwa hiyo kuzishughulikia nywele si anasa wala kujishaua, bali ni sehemu ya usafi tuliofundishwa na dini yetu.

Kwa nini nywele zetu hukauka?

Allah (SW) ameweka kwenye ngozi ya kichwa tezi ndogo ndogo zinazotoa mafuta ya asili. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka, mafuta hayo huteremka kwa urahisi kutoka shinani hadi nchani. Nywele zetu za Kiafrika zimejisokota, hivyo mafuta hubakia karibu na ngozi na ncha hukosa. Zaidi ya hayo, kila unywele umefunikwa na magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Pale unywele unapojikunja, magamba hayo huinuka, unyevu hutoka kirahisi, na hapo hapo ndipo unywele hukatikia.

Ukavu maana yake ni kupungukiwa na maji. Mafuta si maji. Kazi ya mafuta ni kuuzuia unyevu usitoke. Ukipaka mafuta kwenye nywele zilizokwisha kukauka, umefunika ukavu tu, nao utabaki pale pale. Ni sawa na kufunika mtungi mtupu ukitarajia jioni uukute na maji.

Namna ya kuzitunza

Kwanza, osha nywele kwa maji na shampuu laini mara moja kwa wiki, au angalau kila wiki mbili. Kupaka maji kichwani wakati wa udhu hakutoshi kuondoa jasho, vumbi na mabaki ya mafuta. Epuka sabuni ya mche na sabuni ya unga. Hizo ni za kufulia, zina ukali wa magadi, na ngozi ya kichwa kwa asili ina uchachu kidogo. Zinainua magamba ya nywele na kuondoa mafuta yote ya asili. Ndugu zetu wa pwani wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi wajitahidi kusuuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya bomba.

Pili, baada ya shampuu paka kondishena, hasa kwenye ncha, uiache kwa dakika chache. Chana wakati huo huo nywele zikiwa na utelezi, kwa kitana chenye meno mapana, ukianzia nchani na kupanda taratibu kuelekea shinani. Kuanzia shinani ni kuyakusanya mafundo na kuyakata.

Tatu, nywele zikiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo. Mafuta ya nazi ni bora katika jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na yale yatokanayo na petroli, ikaonekana kuwa ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, kwa sababu yanaweza kupenya ndani. Mafuta ya zaituni nayo yanafaa, na Tirmidhi amepokea hadithi inayotuhimiza kuyala na kujipaka.

Nne, usichane kupita kiasi. Ipo hadithi inayokataza mtu kujishughulisha na kuchana kila siku, na wanazuoni wameeleza kuwa makusudio yake ni kuepuka kuvuka mpaka. Kwa nywele za kipilipili, hekima yake tunaiona wazi, maana kila kitana kikipita kwenye nywele kavu huondoka na zake.

Tano, punguza moto na dawa kali. Kitana cha moto huunguza unywele usirudi hali yake. Baadhi ya dawa za kulainisha nywele zina kostiki soda, ambayo huweza kuibabua ngozi na kuacha kovu lisiloota nywele tena.

Msuko, hijabu na josho

Wapo wanaodai kuwa hijabu ndiyo inayoharibu nywele za mwanamke. Madai hayo si ya kweli. Hijabu huzikinga nywele na jua, upepo na vumbi. Kinachodhuru ni namna tunavyoivaa. Ukifunga nywele zikiwa mbichi, joto na unyevu huleta harufu na muwasho, kwa hiyo subiri zikauke. Kitambaa kigumu cha pamba kinachosugua nywele kutwa nzima hufyonza unyevu wake, kwa hiyo vaa kofia nyepesi ya satini ndani ya ushungi. Na usikaze fundo au pini mahali pale pale kila siku.

Hali ni hiyo hiyo kwa misuko. Ukitoka kusukwa ukawa hupati usingizi kwa maumivu, au vipele vikatoka kwenye paji la uso, msuko huo umekazwa mno na ufumuliwe. Nywele za mbele zikivutwa kwa miaka, mashina hufa na upara huwa wa kudumu. Msuko usikae zaidi ya wiki nane, na katika muda huo ngozi ioshwe.

Hapa tunapenda kugusia jambo zito zaidi. Wapo dada wanaochelewesha kuosha kichwa, hata katika josho la janaba au la kumaliza hedhi, kwa kuhurumia msuko. Dini haikuleta uzito. Ummu Salama (RA) alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu kufumua nywele alizosuka kwa ajili ya janaba, naye akamjulisha kuwa yamtosha kujimiminia kichwani mateko matatu ya maji. Hadithi hii ameipokea Muslim. Lakini maji ni lazima yafike. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, kama maji hayafiki ndani bila ya kufumua, basi ni wajibu kufumua. Kadhalika, mafuta mepesi hayazuii maji, ama kitu kizito kinachoganda na kufanya tabaka, hicho kiondolewe kwanza. Kwa hiyo chagua msuko ambao maji yanaupita. Afya ya kichwa chako na Swala yako vyote vinataka hivyo.

Si kila unga ni ukavu

Ndugu msomaji, zingatia sana sehemu hii. Nywele kavu ni jambo moja na ugonjwa wa ngozi ya kichwa ni jambo jingine.

Mba wa kichwani huleta magamba meupe au ya manjano yenye mafuta pamoja na muwasho. Unahusiana na fangasi wanaoishi kwenye ngozi na kula mafuta yake. Hivyo anayepaka mafuta kichwani kutibu mba anawalisha fangasi. Tiba ni shampuu yenye dawa kama ketokonazoli. Ipake kwenye ngozi, iache kwa dakika tatu hadi tano, kisha suuza. Kwa kawaida hutumika mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne, lakini kwa nywele zetu kavu mara moja kwa wiki yaweza kutosha, ikifuatiwa na kondishena. Katika muda huo mafuta yapakwe kwenye nywele tu, si kwenye ngozi.

Mapunye nayo huwapata zaidi watoto. Utaona duara lenye magamba ambapo nywele zimekatika. Mafuta na malhamu hayatoshi kuyaponya, kwa sababu fangasi wamo ndani ya shina la unywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini, kwa wiki sita hadi nane, na hufyonzwa vizuri ikinywewa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Mpeleke hospitali mapema. Usimpake mafuta ya taa wala maji ya betri. Yakiachwa, yanaweza kuvimba, kutoa usaha na kuacha kovu. Vitana, kofia na mashine ya kunyolea visitumiwe kwa pamoja, na mzazi amwombe kinyozi asafishe mashine kwa dawa kabla ya kumnyoa mwanawe.

Aidha, nywele zikikauka na kupukutika ghafla pamoja na uchovu mwingi au kuona baridi kupita kawaida, yaweza kuwa ni upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo. Hapo kopo la mafuta halisaidii kitu. Mwone daktari upimwe.

Tunza nywele ulizoruzukiwa bila ya kuzionea haya, kwani ziliumbwa hivyo kwa hekima yake Mola. Tunamuomba Allah (SW) atujaalie afya njema na atuwafikishe katika usafi wa miili na nyoyo zetu. Amin.