Kiti cha Seneti alichoanzia Obama: Mpiga kura huamua kwa kiasi gani?

Na Mwandishi Wetu

JINA la Barack Obama linafahamika kila pembe ya Afrika Mashariki, kwa sababu baba yake alitoka Kenya na kwa sababu yeye mwenyewe aliiongoza Marekani kuanzia mwaka 2009 hadi 2017. Lisilofahamika sana ni mahali alipoanzia siasa: Seneti ya jimbo la Illinois, akiwakilisha Wilaya ya 13, kusini mwa jiji la Chicago.

Historia ya kiti hicho ina funzo kwa yeyote anayefuatilia masuala ya uchaguzi. Kati ya mwaka 1991 na 2019, watu wanne walikikalia kwa zamu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekiingia kwa mara ya kwanza baada ya kushindanishwa na mwenzake katika kura za maoni za chama chake.

Ili jambo hilo lieleweke, yafaa kwanza kufafanua muundo wenyewe. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, mbali na lile la taifa lililoko Washington. Bunge la Illinois, ambalo makao yake ni mji wa Springfield, lina maseneta 59 na wawakilishi 118. Wilaya ya Seneti si wilaya ya kiutawala yenye mkuu wake. Ni eneo la uchaguzi lililochorwa kwa ajili ya kumpata seneta mmoja, na ndani yake hugawanywa mara mbili ili kuwapata wawakilishi wawili.

Kwa mujibu wa uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1964, katika shauri la Reynolds dhidi ya Sims, wilaya hizo lazima ziwe na idadi ya watu inayokaribiana. Kwa sensa ya mwaka 2020, seneta mmoja wa Illinois anawakilisha watu wapatao 217,000.

Hapo pana tofauti kubwa na Kenya, ambako kila kaunti kati ya 47 humchagua seneta mmoja bila kujali ukubwa wake. Katika sensa ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 4.3 na Lamu ilikuwa na takriban 144,000, lakini katika uchaguzi wa maseneta hao kila moja ina kiti kimoja tu. Mpangilio wa namna hiyo hauruhusiwi katika seneti za majimbo ya Marekani.

Hata hivyo, usawa wa hesabu haumhakikishii mwananchi nafasi ya kuchagua. Wilaya ya 13 ni ngome ya chama cha Democratic, hivyo anayepitishwa na chama hicho huwa ameshausogelea ushindi. Ushindani wa kweli, kama upo, huwa katika kura za maoni za chama.

Mwaka 1995, aliyekuwa seneta wa wilaya hiyo, Alice Palmer, aliamua kuwania kiti katika Baraza la Wawakilishi la taifa. Obama, wakati huo mwanasheria kijana, akatangaza nia ya kumrithi. Novemba mwaka huo Palmer alishindwa na Jesse Jackson Jr., naye akageuka na kutaka kukitetea kiti chake cha zamani.

Sheria ilimtaka kila mgombea awe na saini 757 za wadhamini walioandikishwa kupiga kura ndani ya wilaya. Palmer alizikusanya kwa haraka na kuwasilisha zaidi ya 1,500. Kambi ya Obama iliweka pingamizi, ikakagua jina moja baada ya jingine na kubaini kuwa sehemu kubwa ya saini hizo haikukidhi masharti. Wapo waliosaini wakati hawamo katika daftari, na wapo waliokuwa wakazi wa maeneo mengine.

Palmer alijitoa. Wapinzani wengine watatu nao wakaenguliwa kwa njia hiyo hiyo. Machi 1996, Obama alipita bila kupingwa ndani ya chama, na Novemba akashinda kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura.

Wanaotetea hatua hiyo husema sheria ni sheria, na kwamba mgombea asiyeweza kupata saini halali hastahili kuomba kura. Wanaoikosoa huuliza swali zito zaidi: mkazi wa Hyde Park aliyemtaka Palmer aende wapi?

Njia ya pili inayoamua mambo kabla ya siku ya kura ni ramani. Mipaka huchorwa upya kila baada ya sensa. Mwaka 2001 vyama viwili vikuu vilishindwa kuafikiana Illinois, na tume ya watu wanane, wanne kila upande, nayo ikakwama. Katiba ya jimbo inaagiza kwamba hali ikifika hapo mjumbe wa tisa apatikane kwa bahati nasibu.

Ilikuwa mara ya tatu mfululizo. Mwaka 1981 bahati iliwaangukia Democratic, mwaka 1991 Republican, ambao baadaye waliishikilia Seneti kwa miaka kumi, na mwaka 2001 ikarudi kwa Democratic. Wilaya ya 13 ikanyooshwa kuelekea kaskazini, ikachukua sehemu za katikati ya jiji zenye wakazi wa kipato kikubwa.

Matokeo yake yalionekana upesi. Democratic walishinda wingi wa viti vya Seneti mwaka 2002, na Obama, aliyekuwa amekaa miaka sita upande wa wachache, mwaka 2003 alifanikisha sheria iliyowataka polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji.

Njia ya tatu ni uteuzi. Kiti kikibaki wazi Illinois, hapafanyiki uchaguzi mdogo kama inavyotakiwa na sheria za Kenya. Viongozi wa chama chenye kiti, kutoka kata zilizomo ndani ya wilaya, hukutana na kumteua mrithi. Palmer aliingia hivyo mwaka 1991. Kwame Raoul aliingia hivyo mwaka 2004 Obama alipochaguliwa kwenda Seneti ya taifa, na Robert Peters mwaka 2019, Raoul alipokuwa mwanasheria mkuu wa jimbo.

Ni kweli kwamba wote watatu baadaye walisimama mbele ya wapiga kura na kushinda. Lakini aliyekwisha kukalia kiti huingia kwenye kinyang'anyiro akiwa na jina, ofisi na marafiki, wakati mpinzani wake anaanzia sifuri.

Kwa hiyo, anayetaka kujua kama watu wa eneo fulani wanawakilishwa asiishie kuhesabu kura zilizopigwa. Aulize pia nani alihakiki saini, nani alichora mipaka, na nani aliketi katika kikao cha uteuzi. Katika Wilaya ya 13, maswali hayo matatu ndiyo yaliyokuwa na majibu mapema kuliko sanduku la kura.